Kijana wa Bellur na Mkao wa Hanuman

Msomaji, huenda umepata kuona picha ya mtu aliyekaa chini, mguu mmoja ameunyosha mbele na mwingine nyuma, mapaja yote mawili yamegusa sakafu, mikono ameikutanisha kifuani, na uso wake umetulia kana kwamba yumo katika kiti cha starehe. Wenye yoga huuita mkao huo Hanumanasana, yaani mkao wa Hanuman, kwa jina la shujaa mwenye umbo la nyani ambaye, katika utenzi mkuu wa Wahindi uitwao Ramayana, aliivuka bahari kwa mruko mmoja kutoka Bara Hindi hata kisiwa cha Lanka. Picha ya namna hiyo husema kweli, lakini kweli ya mwisho tu. Siku zilizotangulia haizionyeshi. Kwa hiyo mtazamaji hudhani moja ya mambo mawili: ama yule aliye pichani alizaliwa hana mifupa, ama alipiga moyo konde akaketi. Dhana zote mbili zina makosa, na ya pili ina hatari pia. Yuko kijana aliyeketi hivyo kwa kulazimishwa, yapata mwaka 1935. Nitakusimulia yaliyompata, kisha nitakusimulia aliyoyafanya baadaye, maana hayo ya baadaye yalibadili namna ambavyo watu wengi duniani hujifunza mambo haya.

Kwanza yafaa ujue yoga ni nini. Neno lenyewe ni la Kisanskriti, na asili yake ni kufunga nira, kuunganisha. Patanjali, ambaye wataalamu wengi humweka katika karne za kwanza baada ya Kristo, aliihesabu mikao ya mwili kuwa kiungo kimoja tu kati ya viungo vinane vya yoga, akaipitia kwa maneno machache sana; shughuli yake kubwa ilikuwa kuituliza akili, na mazoezi ya muda mrefu yasiyokatika aliyaweka mbele ya mengi. Hata Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha karne ya 15 kilicho mashuhuri kwa mambo ya mwili, hueleza mikao 15 tu, na mingi kati ya hiyo ni ya kukaa. Nasema haya kwa sababu wako wanaodhani kwamba kila mkunjo wauonao pichani umetoka kwa wazee wa maelfu ya miaka. Mikao mingi ya kusimama na ya kujikunja tunayoiona leo ilipata umbo lake katika karne ya 20, siku ambazo Wahindi walikuwa chini ya utawala wa Waingereza na wakitafuta mazoezi ya mwili watakayoyaita yao wenyewe. Mambo ya mieleka, ya sarakasi na ya gwaride yalikuwa jirani, nayo yaliacha alama.

Mahali pamoja ambapo kazi hiyo ilishika moto ni mji wa Mysore, kusini mwa Bara Hindi. Maharaja wake, Krishnaraja Wadiyar wa Nne, aliyetawala hata alipofariki mwaka 1940, alikuwa mpenzi wa elimu na mlezi wa wasomi. Alimwajiri Tirumalai Krishnamacharya, mwanachuoni wa Kisanskriti aliyezaliwa mwaka 1888, na mwaka 1933 akampa ukumbi katika jumba la Jaganmohan apate kufundisha yoga. Wanafunzi wake aghalabu walikuwa wavulana. Siku zile yoga haikuwa na heshima kubwa mjini. Wengi waliihesabu kuwa kazi ya waomba sadaka na ya wafanya kiinimacho. Basi Krishnamacharya alikuwa akitoka na wanafunzi wake kufanya maonyesho mbele ya watu, apate kuwavuta. Maonyesho hayana subira. Watu waliokuja kutazama hawakutaka kuona kijana akisimama wima vizuri. Walitaka kuona miguu shingoni. Shika jambo hili, kwa kuwa ndilo lililozaa mkasa wetu.

Mwaka 1934 aliingia katika nyumba ya mwalimu huyo kijana wa miaka 15, jina lake B. K. S. Iyengar. Alizaliwa tarehe 14 Desemba 1918 katika kijiji cha Bellur, wakati homa ya influenza ilipokuwa ikiua watu kwa mamilioni, na mama yake alikuwa mgonjwa wa homa hiyo hiyo alipomzaa. Baba yake, mwalimu wa shule, alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka 9. Malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu vilipokezana mwilini mwake. Yeye mwenyewe alieleza baadaye jinsi alivyokuwa: mikono na miguu kama vijiti, tumbo limetokeza mbele, na kichwa kizito kisichotaka kusimama juu ya shingo. Alipoinama, vidole vyake vilifika magotini, basi. Krishnamacharya alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake. Alimtazama akaona hapana kitu cha kufundisha, akamwachia kazi za nyumbani.

Bahati, njema au mbaya, ikaingia kati. Siku chache kabla ya maonyesho makubwa, mwanafunzi aliyetegemewa alitoweka. Mwalimu hakuwa na wa kumshika mkono ila yule shemeji dhaifu. Akamwita, akampa mikao mingi migumu aijifunze kwa siku chache tu, na kijana, kwa hofu ya mwalimu wake iliyopita hofu ya maumivu, akaijifunza. Siku ya maonyesho alifaulu kupita walivyotazamia wote. Watu walishangilia. Bei ya makofi hayo aliilipa mwilini kwa muda mrefu.

Ndipo ilipokuja habari ya Hanuman. Alikuja mgeni mashuhuri kutazama wanafunzi, na zamu ya Iyengar ilipofika, mwalimu akamwamuru afanye Hanumanasana. Kijana hakupata hata siku moja kuujaribu mkao huo. Akamnong'oneza mwalimu kwamba haujui. Akaelezwa kwa maneno: mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, ukae sawasawa. Akatafuta udhuru. Akasema nguo yake ya ndani imeshonwa ikambana mno, haiwezi kupanuka. Mwalimu akatuma mkasi uletwe, nguo ikakatwa pande zote mbili. Udhuru ukawa umekwisha. Akashuka, akaketi kama alivyoamriwa, na misuli ya nyuma ya mapaja ikachanika. Kwa muda mrefu baada ya hapo hakuweza kutembea vizuri. Habari hii yote aliisimulia Iyengar mwenyewe alipokuwa mtu mzima mwenye jina kubwa, wala hakuisimulia kwa chuki.

Sasa, msomaji, tuulize: je, alikosa ushujaa? Alikuwa nao. Alikosa bidii? Hakukosa. Hata kunyumbuka kulikuwa kumeanza kumjia. Alichokosa ni vipandio vya ngazi. Aliamriwa kufika darini, ngazi haikuwapo, akaruka.

Mwili una sheria zake, na sheria hizo hazijali mgeni mashuhuri. Ndani ya kila msuli mna vihisio vidogo vinavyopima jinsi unavyonyoshwa. Msuli ukivutwa ghafula, habari hukimbia hadi uti wa mgongo na amri hurudi papo hapo: jikaze. Basi anayejisukuma kwa nguvu hupigana na msuli ambao kwa wakati ule ule unavuta upande wa pili, kama vijana wavutanao kamba, na kamba yenyewe ni nyama. Bali ukivutwa polepole, kwa kiasi, ukaachwa hapo kwa pumzi kadhaa, ule mkazo hulegea. Na siku baada ya siku ubongo huzoea kuvumilia urefu ambao jana uliuona kuwa hatari. Hakuna njia ya mkato. Kazi ya wiki 30 haipunguzwi kuwa ya siku 3 kwa ukali wa sauti ya mwalimu.

Mwaka 1937 Krishnamacharya alimtuma Iyengar kwenda Pune, mji ulio mbali kaskazini, akafundishe kwa miezi 6. Kijana alikuwa na miaka 18. Lugha ya huko, Kimarathi, hakuijua vema. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, na ndicho kilichomwangusha katika mtihani wa kumaliza shule. Wanafunzi wake walikuwa wenye umri na elimu kumpita, na baadhi yao walikuwa na miili mizuri kuliko wake. Mwalimu wa kumwuliza hakuwapo. Fikiri hali yake: umesimamishwa mbele ya darasa ufundishe jambo ambalo wewe mwenyewe uliingizwa humo kwa kusukumwa, hukuelezwa hatua hata moja.

Palepale ndipo historia ilipogeuka. Iyengar alianza kujifunza upya, peke yake, kwa saa nyingi kila siku. Mara nyingi aliona njaa, maana ujira ulikuwa mdogo na wanafunzi walipungua. Aliuchukua kila mkao akaufungua kama fundi wa saa afunguavyo saa: uzito uko kisigino au kidole? Goti limetazama wapi? Paja la mguu wa nyuma limegeukia nje au limetulia? Na aliposhindwa kufika, hakujirusha tena. Alitafuta kitu cha kumshika njiani. Aliokota matofali na mawe, akajilaza juu ya mapipa, akaegemea ukuta. Baadaye kamba, mikanda, viti na mabenchi ya mbao viliongezwa.

Wako waliomcheka kwa vifaa hivyo, wakasema ni magongo ya vilema. Mimi naona hawakuelewa. Tofali lina faida mbili ambazo haraka haina. Kwanza humwezesha mtu mgumu kufanya mkao ulio sahihi, ingawa si wa mwisho; asiyefika sakafuni huweka mkono juu ya tofali, na mgongo wake hubaki umenyooka badala ya kupinda ili kuidanganya sakafu. Pili, tofali hupima. Mwezi huu mkono uko juu ya tofali lililosimamishwa; mwezi ujao juu ya tofali lililolazwa; kisha juu ya kitabu; kisha chini. Mtu huona ameendelea, na aonaye ameendelea hachoki upesi.

Tazama jinsi mkao wa Hanuman ufundishwavyo leo kwa taratibu zilizotokana na kazi hiyo. Mwanafunzi hauoni kwa miezi mingi. Huanza kwa kusimama, miguu mbali mbali, akinama upande mmoja mpaka mwili ufanye umbo la pembetatu. Hujifunza kuinama juu ya mguu mmoja bila kuukunja mgongo. Hulala chali, akauinua mguu mmoja juu, mkanda umepitishwa kwenye wayo, na mguu wa pili umelala chini kama gogo. Hapo misuli ya nyuma ya paja hunyoshwa, lakini sakafu imeushika mgongo wote, hapana cha kuumia. Siku nyingine hupiga goti moja chini na kusogeza la pili mbele, ili sehemu ya mbele ya paja la nyuma nayo ifunguke, maana mkao huu una miguu miwili, na wengi huukumbuka mmoja tu. Baada ya hayo yote ndipo hupiga magoti kati ya matofali mawili, mikono juu yake, akautelezesha mguu mbele kidogo kidogo, uzito wake ukichukuliwa na mikono. Chini ya paja huwekwa mablanketi yaliyokunjwa, mengi. Anakaa juu ya rundo hilo kwa utulivu. Wiki nyingi zikipita, blanketi moja huondolewa. Akisikia maumivu makali juu kabisa, pale msuli unaposhika mfupa wa kukalia, hurudi nyuma siku ile wala haoni haya.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, nasi hupenda kuwakaririsha watoto maneno hayo. Lakini methali haikueleza ni haba ipi itangulie. Mazoezi ya kila siku yaliyopangwa vibaya hujaza kibaba vilevile, ila kwa maumivu. Nifundishapo vijana wa ualimu, hili ndilo jambo ninalolitafuta kwanza katika andalio la somo: si wingi wa mazoezi, bali kama kila zoezi limelitayarisha lile linalofuata.

Mwaka 1952 mpiga fidla mashuhuri, Yehudi Menuhin, alizuru Bara Hindi, na Iyengar akapelekwa kuonana naye mjini Bombay. Alipewa dakika chache tu. Mkutano ukaendelea kupita saa moja. Sioni ajabu kwamba wawili hao walielewana upesi. Mpiga fidla hajui kitu kama hajui mazoezi ya kila siku: nyuzi zile zile, ngazi zile zile za sauti, tangu utoto hadi uzee. Mwaka 1954 Menuhin alimwalika Ulaya, akampa saa ya mkononi iliyochorwa maneno ya kumshukuru kuwa mwalimu wake. Kwa njia hiyo, jina la kijana wa Bellur likaanza kujulikana nje ya nchi yake. Elisabeth, malkia mama wa Ubelgiji, alikuwa amepita miaka 80 Iyengar alipomfundisha kusimama kwa kichwa.

Kisha, mwaka 1966, kikatoka London kitabu chake, Light on Yoga. Yule aliyeanguka mtihani wa Kiingereza alikuwa sasa ameandika kwa Kiingereza kitabu kilichotafsiriwa katika lugha nyingi. Kina mikao 200 na picha zake mwenyewe zipatazo 600. Wengi hukifungua, wakatazama picha, wakastaajabu, wakakifunga. Lakini mwenye kufundisha atakwenda moja kwa moja kwenye mambo mawili. La kwanza, kila mkao una namba ya ugumu, kuanzia 1 hata 60, mtu ajue anaingia wapi. La pili limo nyuma ya kitabu: utaratibu wa mafunzo wa wiki 300. Wiki 300, msomaji, ni karibu miaka 6. Ni muda wa kutosha mtoto aliyeanza kidato cha kwanza kumaliza masomo ya sekondari na kuendelea mbele.

Na mkao wa kwanza katika kitabu hicho ni upi? Kusimama. Huitwa Tadasana, mkao wa mlima. Visigino na vidole vikubwa vya miguu vimekutana, magoti yamekazwa, uzito umegawanyika sawasawa. Ukidhani hilo ni jambo dogo, vua viatu vyako utazame soli. Huenda moja imelika upande kuliko nyingine, na kulika kule ni hesabu ya miaka uliyosimama vibaya pasipo kujua. Mvulana wa Mysore alianzishwa na miguu shingoni. Mwandishi wa kitabu aliwaanzisha wasomaji wake mahali ambapo yeye hakuanzishwa.

Hata kusimama kwa kichwa, ambako vijana hukuona kuwa mchezo wa kujionyesha, amekuandikia kwa uangalifu wa ajabu. Asiyejua atumie ukuta, na bora pembe ya chumba, ambapo kuta mbili humlinda; blanketi likunjwe chini ya kichwa. Kisha hufundisha kuanguka. Hulegeza vidole vilivyofumana, hulegeza mwili, hukunja magoti, ukabingirika. Kumfundisha mtu kuanguka kabla hajaanguka, hilo naliona kuwa jambo la ualimu bora kabisa katika kitabu chote, kwa kuwa hofu ya kuanguka ndiyo inayoukaza mwili, na mwili uliokazwa ndio uangukao vibaya.

Nisikudanganye lakini ukadhani Iyengar alikuwa mwalimu mpole. Alikuwa mkali mno. Sauti yake ilijaza ukumbi, na mkono wake ulijulikana kwa kuwapiga wanafunzi makofi pajani au mgongoni ili waamke. Alikuwa ameiacha njia ya mwalimu wake, si hasira yake. Wako waliomtetea kwamba kofi lake lilikuwa na maarifa ndani yake. Mimi nifundishaye walimu siwezi kulisifu, wala sioni kwamba ngazi aliyoijenga ilihitaji kofi kuipanda. Na Krishnamacharya naye, kwa haki, hakubaki alivyokuwa. Alihamia Madras, akaacha maonyesho, akawa anafundisha mtu mmoja mmoja kwa kadiri ya umri na afya yake, hata alipofariki mwaka 1989 akiwa na miaka mia. Iyengar alikuwa amemtabarukia kitabu chake.

Mwaka 1975 chuo cha Iyengar kilifunguliwa mjini Pune, kikaitwa kwa jina la mkewe, Ramamani, aliyefariki mwaka 1973. Katika ukumbi wake kamba zimefungwa kutani, na mabenchi ya mbao yaliyopinda kama mgongo wa samaki yamepangwa pembeni, na mablanketi, na matofali ya mbao mahali pa yale ya udongo. Huko huja watu wa kila namna: mabingwa, wazee, wenye migongo iliyovunjika. Iyengar aliendelea kufanya mazoezi humo kila siku alipokuwa amepita miaka 90, akisimama kwa kichwa hata nusu saa. Alifariki tarehe 20 Agosti 2014, umri wake miaka 95. Katika miaka ile ya mwisho wageni walioingia ukumbini asubuhi walimkuta amelala kinyumenyume juu ya benchi mojawapo, kifua kimefunguka, mikono imelegea, na chini yake blanketi lililokunjwa vizuri.